Andraž Šporar: mabao 29 Bratislava, benchi Lisbon

Msimu wa 2018/19 ligi kuu ya Slovakia ilikuwa na raundi 32, na Andraž Šporar wa Slovan Bratislava aliimaliza akiwa na mabao 29. Januari 2020 Sporting ya Lisbon wakatoa kiasi cha yuro milioni 6 kumchukua. Mwaka mmoja na siku chache baadaye, Februari 2021, Sporting hao hao wakampeleka Braga, klabu nyingine ya Ureno, kwa mkopo ili wampate straika wa Braga.

Kuna watu wanaosoma mistari hiyo mitatu na kufunga faili: ni mfungaji wa ligi nyepesi, akikutana na mabeki wa kweli anapotea. Kuna wengine wanaosema si kweli, ni mchezaji mzuri aliyehamishwa vibaya, kila mara kwa wakati mbaya na kwenda timu isiyomfaa. Hoja ya pili ina nguvu kuliko inavyopewa, hasa ukiweka kalenda mezani. Ila nayo ina tundu, na tundu hilo linaitwa Basel.

Tuanzie nyumbani kwake. Šporar alizaliwa Ljubljana tarehe 27 Februari 1994, akapitia Interblock, klabu ya jiji hilo hilo, kisha akaenda Olimpija. Ligi kuu ya Slovenia ina timu 10, na kila timu inakutana na mwenzake mara nne, jumla mechi 36. Maana yake beki wa kati anamwona straika yule yule mara nne kwa mwaka. Anajua anapenda kukimbilia upande gani, na straika naye anajua beki yupi ni mzito kugeuka. Katika nusu ya kwanza ya msimu wa 2015/16 Šporar alifunga mabao 17, halafu Januari akauzwa Basel. Ligi ikaendelea bila yeye hadi Mei, Olimpija wakawa mabingwa, na orodha ya wafungaji ilipofungwa, hakuna aliyempita. Jean-Philippe Mendy wa Maribor alimfikia tu kwenye 17, wakagawana kiatu cha mfungaji bora.

Mtu kuwa mfungaji bora wa ligi ambayo hakucheza nusu yake ni jambo la ajabu, na linasomeka kwa namna mbili. Mmoja atasema huyu alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwingine atauliza: ni ligi gani hiyo ambayo washambuliaji wote waliobaki walikuwa na miezi mitatu ya kumpita wakashindwa? Wote wawili wako sahihi.

Sasa kalenda, kwa sababu ndiyo inayorukwa na wachambuzi wengi. Ulaya ya kati inalala majira ya baridi. Miaka hiyo Slovenia walikuwa wakisimamisha ligi mapema Desemba na kurudi mwishoni mwa Februari. Slovakia walikuwa wakisimama katikati ya Desemba na kurudi katikati ya Februari. Uswisi walikuwa wakirudi mapema Februari. Ureno hawana mapumziko marefu namna hiyo: wanacheza Januari yote, ligi, kombe la taifa na kombe la ligi, wakati mwingine mechi mbili kwa wiki.

Mchezaji anayetoka Slovakia kwenda Ureno kwenye dirisha dogo anafika hivi: mechi yake ya mwisho ya ushindani ilikuwa zaidi ya mwezi uliopita, mwili umetoka likizo na ndiyo kwanza unaanza mazoezi ya kujenga pumzi, na timu anayoikuta iko katikati ya mbio. Kocha hana wiki tatu za kambi za kumfundisha. Mazoezi kati ya mechi ni ya kurejesha nguvu kwa waliocheza, si ya kufundisha mfumo. Mambo ambayo straika hujifunza kwenye maandalizi ya msimu, kama vile aanze kukaba beki akipokea mpira kwa mguu gani, winga akikata ndani yeye akimbilie nguzo ipi, kona ikipigwa asimame na nani, anayaokota njiani. Anapokosea, watu wanaona straika mpya asiye na kasi.

Šporar amehama katikati ya msimu mara nne ndani ya miaka mitano: Basel 2016, Slovan 2018, Sporting 2020, Braga 2021. Sidhani kama kuna njia mbaya zaidi ya kumtumia mshambuliaji anayetegemea kuelewana na wenzake. Kuna straika wa kubeba timu mgongoni, anayepokea mpira katikati ya uwanja akageuka na beki amemshika jezi. Šporar si wa aina hiyo. Yeye anaishi begani kwa beki wa mwisho, anaondoka pasi inapotoka, na anamaliza kwa mguso mmoja ndani ya kumi na nane. Straika kama huyo bila mpigaji pasi anayemjua anaonekana kama amepotea njia. Anakimbia mara kumi, mpira unakuja mara moja, na mara hiyo moja ameshaotea.

Angalia kilichotokea kwenye uhamisho wa 2018, ambao ndio pekee kati ya minne uliomwinua. Alikuwa ametoka Arminia Bielefeld, daraja la pili la Ujerumani, kwa mkopo uliokufa kifo cha kawaida cha mikopo. Slovan wakamchukua majira ya baridi, ligi ya Slovakia ikiwa bado imesimama. Mechi zilipoanza hakuwa mgeni anayekimbiza treni. Mei Slovan wakabeba Kombe la Slovakia, yeye akapata maandalizi kamili ya kiangazi, na msimu uliofuata, chini ya kocha Martin Ševela, yakaja yale mabao 29 pamoja na ubingwa. Kwa hiyo dirisha dogo lenyewe halina ubaya. Tatizo ni kutoka ligi iliyolala kwenda ligi inayokimbia.

Na wale wanaosema Slovakia ni uwanja wa mazoezi waangalie Europa League ya msimu uliofuata. Slovan walipangwa na Braga, Wolves na Beşiktaş. Tarehe 19 Septemba 2019 Beşiktaş walikwenda Bratislava wakapigwa 4-2, na Šporar alifunga mara mbili. Wolves, waliokuwa na safu ya ulinzi ya Ligi Kuu ya Uingereza, nao walifungwa naye Bratislava kabla hawajageuza matokeo kuwa 2-1. Hizo si timu za mabeki wa Jumapili. Sporting hawakununua takwimu za ligi peke yake, walikuwa na mkanda wa video wa mechi za Ulaya.

Lakini Basel ipo, na wanaomtetea wanaipita haraka sana.

Basel ya 2016 na 2017 ilikuwa timu inayotawala ligi yake kama Slovan ilivyotawala Slovakia. Ilikuwa kwenye mfululizo wa ubingwa ulioanza 2010 na kukatika baada ya ule wa 2017. Mpira ulikuwa wao, krosi zilikuwa zao, wapinzani walijaza watu nyuma. Kama kinachomfanya Šporar afunge ni kuwa kwenye timu inayoshambulia muda wote, basi Basel ilikuwa mahali pake. Tena alipata maandalizi kamili ya msimu wa 2016/17, kwa hiyo kisingizio cha dirisha dogo kiliisha kiangazi kile. Hakushika namba. Breel Embolo aliuzwa Schalke, njia ikaonekana wazi, lakini klabu ikamleta Seydou Doumbia kwa mkopo kutoka Roma, na Doumbia akafunga mabao 20 ya ligi. Marc Janko naye alikuwepo, straika mrefu mwenye uzoefu, aliyejua kusubiri krosi. Kocha Urs Fischer alicheza na mshambuliaji mmoja mbele, na nafasi moja kwa watu watatu ina hesabu rahisi. Šporar aliingia dakika za mwisho, au akasukumwa pembeni ambako hana mbinu za winga. Alitoka na medali za ubingwa mbili na Kombe la Uswisi la 2017, na jina lake halikukua hata kidogo.

Mtetezi atasema Doumbia alikuwa wa kiwango kingine. Kweli. Lakini straika anayetaka kwenda juu ndivyo anavyopimwa, kwa kumng'oa mtu aliye juu yake. Šporar amefunga sana pale alipokabidhiwa namba. Pale alipotakiwa kuinyang'anya, rekodi yake ni hafifu, na mfano wa Basel ulikuja kujirudia Lisbon.

Sporting walimhitaji kwa sababu walikuwa wamemuuza Bas Dost kwa Eintracht Frankfurt mwezi Agosti 2019 na hawakuwa wameleta mbadala wa kweli. Kocha aliyempokea alikuwa Silas. Mwanzo haukuwa mbaya: Februari 2020 alifunga dhidi ya İstanbul Başakşehir kwenye ushindi wa 3-1 wa Europa League. (Miaka michache nyuma asingeruhusiwa hata kucheza mechi hiyo, kwani alishaitumikia Slovan kwenye makundi. UEFA waliondoa kizuizi hicho kuanzia msimu wa 2018/19.) Marudiano Sporting walichapwa 4-1 baada ya dakika za nyongeza, wakatolewa, Silas akafukuzwa mapema Machi, na Rúben Amorim akaja kutoka Braga kwa yuro milioni 10. Siku chache baadaye korona ikafunga mpira.

Hapo mchezaji aliyenunuliwa na kocha mmoja akawa mali ya kocha mwingine ndani ya wiki sita. Amorim alikuja na mfumo wa mabeki watatu na washambuliaji watatu mbele. Kwenye mfumo wake straika wa kati si mfungaji kwanza. Kazi yake ni kushuka, kupokea mpira mgongo ukiwa kwa goli, kumvuta beki wa kati atoke kwenye mstari, na kuachia nafasi kwa wawili wanaotokea pembeni. Ndiyo maana mfungaji bora wa ligi ya Ureno 2020/21 alikuwa Pedro Gonçalves, mtu wa pembeni, kwa mabao 23. Mwite Šporar ashuke mita 25 kutoka golini apokee na beki mgongoni, umemwondoa mahali pekee anapojua kuumiza. Kijana Tiago Tomás, mwenye mwendo na pumzi za kukaba, akaanza kupewa dakika ambazo mtu wa yuro milioni 6 alidhani ni zake.

Amorim alimtaka Paulinho, straika aliyekuwa mchezaji wake huko Braga, na alimpata siku ya mwisho ya dirisha. Mkataba ule unafaa kutazamwa kwa karibu. Sporting walilipa yuro milioni 16 kwa asilimia 70 tu ya haki za kiuchumi za Paulinho, yaani sehemu ya fedha zitakazopatikana akiuzwa tena. Ukigawa 16 kwa 0.7 unapata karibu milioni 22.9 kama thamani ya mchezaji mzima, karibu mara nne ya bei ya Šporar. Beki Cristián Borja akahamia Braga kwa milioni 3, na Šporar akaenda huko kwa mkopo hadi mwisho wa msimu. Siku tisa kabla, tarehe 23 Januari, Sporting walikuwa wameifunga Braga hiyo hiyo 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Ligi.

Tarehe 11 Mei 2021 Sporting waliifunga Boavista 1-0 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza baada ya miaka 19. Bao lilifungwa na Paulinho. Siku 12 baadaye Braga waliichapa Benfica 2-0 na kubeba Kombe la Ureno, kwa hiyo Šporar hakutoka mikono mitupu, na kwa sababu alicheza ligi na Sporting kabla ya kuondoka, ubingwa ule nao una jasho lake kidogo. Ila ukitaka kumlaumu Amorim, bao la Boavista linakufunga mdomo. Kocha alijua anachokitaka.

Pamoja na hayo siafiki kwamba Lisbon ilithibitisha kuwa Šporar hafai. Ilithibitisha kwamba Sporting walinunua mchezaji kabla ya kujua watacheza vipi. Hilo ni kosa la klabu, na anayelipa ni mchezaji, kwa maana ya umri: alifika Lisbon akiwa na miaka 25 na kuondoka kwa mkopo wa pili akiwa na 27.

Kabla ya kwenda kwenye mikopo, kuna upande wa fedha ambao wasomaji wengi wa habari za usajili hawaupigii hesabu. Mchezaji anapohama kwa ada kati ya vyama vya nchi mbili tofauti, kanuni za FIFA za wakati huo zilitaka asilimia 5 ya ada igawiwe kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza 23. Misimu minne ya mwanzo, ya miaka 12 hadi 15, kila mmoja una asilimia 0.25 ya ada. Misimu minane inayofuata ni asilimia 0.5 kila mmoja. Tuchukue ada ya milioni 6. Šporar alitimiza 12 msimu wa 2005/06 na 23 msimu wa 2016/17. Klabu za Slovenia zinachukua misimu minne ya mwanzo (asilimia 1), misimu sita ya miaka 16 hadi 21 (asilimia 3), na nusu ya ule wa 2015/16 (asilimia 0.25). Jumla asilimia 4.25, yaani yuro 255,000. Basel wanabaki na asilimia 0.75, yuro 45,000, kwa nusu hiyo nyingine na msimu wa 2016/17. Kwa klabu ya Slovenia, robo milioni inayokuja bila kuuza mtu ni fedha ya kuendeshea shule ya vijana. Ndiyo maana mchezaji wa kuhamahama anayekosolewa na mashabiki anapendwa sana na wahasibu wa klabu alizopitia utotoni: kila anapouzwa, hundi inarudi kijijini.

Mkopo ni kitu kingine. Kwenye uhamisho wa mkopo hakuna ada kubwa, na mara nyingi mshahara unagawanywa kati ya klabu mama na klabu pokezi. Kinachoamua hatima ya mchezaji ni kipengele kimoja: kama kuna haki ya kumnunua, kama kuna lazima ya kumnunua, au kama hakuna kitu. Pasipo kipengele cha maana, kocha anayempokea hana sababu ya kumvumilia. Akifunga, faida ni ya klabu mama. Asipofunga, anakaa benchi na kijana wa klabu anachezeshwa, kwa sababu kijana ana thamani ya kuuzwa kesho. Hadi 2022 Šporar alikuwa amekopeshwa mara tatu, Bielefeld, Braga na Middlesbrough, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyombakiza. Mpango wa Braga ulikuwa na hatari ya ziada. Alikwenda siku ya mwisho ya dirisha. Mambo yangekwenda mrama, angekaa hadi kiangazi.

Middlesbrough, msimu wa 2021/22, ni mkopo ninaouona haukuhukumiwa kwa haki. Championship, daraja la pili la England, ina timu 24 na mechi 46, mpira wa juu, mabeki wanaokuvaa kabla mpira haujafika. Alifika Agosti ligi ikiwa imeanza. Kocha aliyemkuta, Neil Warnock, aliondoka mapema Novemba, akaja Chris Wilder na mfumo wake. Januari klabu ikawaleta Folarin Balogun kutoka Arsenal na Aaron Connolly kutoka Brighton, wote kwa mkopo. Akamaliza na mabao 8 ya ligi, timu ikamaliza ya saba, nafasi moja nje ya mchujo wa kupanda daraja. Mabao 8 kwa mtu wa mkopo, chini ya makocha wawili, akigawana dakika na nusu dazeni ya washambuliaji, si aibu. Si ya kujivunia pia. Ni takwimu ya mchezaji ambaye hakuna aliyemjengea chochote.

Tangu Julai 2022 FIFA wamebana biashara hii: mkopo usiwe mfupi kuliko muda kati ya madirisha mawili wala kuzidi mwaka mmoja, mchezaji wa mkopo asikopeshwe tena kwa klabu ya tatu, na idadi ya mikopo ya kimataifa imeshushwa kutoka 8 hadi 6 kwa klabu kwa msimu kufikia 2024. Vijana wa miaka 21 kurudi chini waliolelewa na klabu hawahesabiwi, lakini mtu wa miaka 27 anahesabiwa. Kanuni hizo zingekuwepo mapema, Sporting wangelazimika kufikiri mara mbili kama wanamkopesha au wanamuuza. Bila shaka wangemuuza, naye angepata klabu yenye sababu ya kumpa muda.

Ndicho kilichotokea Ugiriki. Panathinaikos ya Athens walimchukua kiangazi cha 2022, kocha alikuwa Ivan Jovanović, na msimu mzima wa 2022/23 Šporar alikuwa mtu wa kwanza mbele. Timu ikakimbizana na AEK hadi mwisho na kumaliza ya pili. Ni ushahidi mzuri kwa wanaomtetea: ligi ya Ugiriki si nyepesi, mabeki wake ni wakorofi, viwanja vina kelele, na mpewe namba tu, anafanya kazi. Agosti 2023 wakaitoa Marseille kwa matuta kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, kisha wakatolewa na Braga. Braga tena, klabu hiyo inamfuata Šporar kama deni. Lakini tazama kilichofuata. Fotis Ioannidis, straika kijana mwenye nguvu na kasi, alichanua msimu wa 2023/24, na mara ile namba ilipogeuka kuwa ya kugombea, Šporar akarudi kwenye hadithi ya Basel na Lisbon. Akaondoka na Kombe la Ugiriki la Mei 2024.

Timu ya taifa inatoa jibu tofauti kidogo. Slovenia ni nchi ya watu milioni 2 na ushei, haichagui straika kwenye kapu lililojaa. Kocha Matjaž Kek alicheza 4-4-2, washambuliaji wawili, na kwenye Euro 2024, fainali zao za kwanza za Ulaya tangu 2000, Šporar alianza mechi zote nne akiwa na Benjamin Šeško: Denmark 1-1, Serbia 1-1, England 0-0, Ureno 0-0 kabla ya matuta. Hakufunga, na wenye kuhesabu mabao tu walicheka.

Tazama alichokuwa akifanya. Mpira ukiwa kwa wapinzani, wale wawili walisimama karibu na mstari wa katikati, hawakuwakimbilia mabeki. Kazi ilikuwa kuziba pasi ya kwenda kwa kiungo mkabaji. Mmoja akisogea kumbana beki mwenye mpira, mwenzake anarudi hatua tano nyuma na kumfunika kiungo, kisha wanabadilishana mpira unapohamia upande wa pili. Ikifanywa vizuri, mpinzani anazunguka pembeni na kupiga krosi kwa mabeki wanaomsubiri, kama England walivyofanya dakika 90 pale Cologne. Ikikosewa kwa hatua mbili tu, kiungo anapokea amegeuka na safu nzima inakatika. Šeško ndiye mwenye mbio na mashuti ya kutangazwa. Kazi ya kubadilishana ilihitaji mtu wa miaka 30 asiyechoka kurudi zile hatua tano, kwa dakika 70 au 80, akijua kwamba hatapata zaidi ya nafasi moja. Mchezaji aliyepita mikononi mwa makocha wengi namna ile anajifunza kutii mfumo haraka. Hiyo ndiyo faida ya kuhamahama ambayo haiingii kwenye jedwali la wafungaji.

Huwa analinganishwa na Milivoje Novakovič, naye mtoto wa Ljubljana, aliyefungia Slovenia mabao 32 kwenye mechi 80. Novakovič alipita ligi za Austria, akawa mfungaji bora Bulgaria na Litex Lovech, akatua Köln ya Ujerumani 2006 akiwa na miaka 27. Tofauti iko hapo. Köln walikuwa daraja la pili, na walimpa namba wakamwacha nayo. Akafunga mabao 20 na kuwa mfungaji bora wa daraja hilo 2007/08, akapanda nao Bundesliga, akakaa miaka. Šporar, tangu Januari 2016 hadi alipofika Athens, hakuwa na klabu yoyote aliyoichezea misimu miwili kamili mfululizo, hata ile ya Bratislava. Huwezi kusema Novakovič alikuwa bora mara mbili. Unaweza kusema alikuwa na kichwa cha kukubali kuanzia chini kwenye klabu iliyomhitaji, wakati Šporar, au waliomshauri, walichagua mara mbili klabu kubwa ambazo hazikumhitaji kiasi hicho.

Kiangazi cha 2024 Šporar alihamia Alanyaspor ya Uturuki. Kiangazi hicho hicho Paulinho naye aliondoka Lisbon. Mwaka mmoja nyuma Sporting walikuwa wamemleta Viktor Gyökeres, na yule wa milioni 16 akajikuta anasubiri mtu mwingine achoke. Akaenda Toluca, Mexico, akiwa na miaka 31, akapewa namba, akawa mfungaji bora wa ligi katika nusu ya kwanza ya msimu kwa mabao 13, na Mei 2025 timu ikawa bingwa.